Bega Lisiloombwa

Asubuhi ya hitima ya mkewe, Luhende alipanda na kushuka ngazi akiazima vitu. Alipata masufuria makubwa kwa Mama Asumini, mikeka kwa Maalimu Swedi, birika, sahani, beseni la kunawia, hata upawa. Katika Gorofa za Reli mfiwa hanyimwi. Kila mlango alioubisha ulifunguka, na kila aliyetoa aliongeza, "Pole, Fundi. Chukua na hiki." Kitu kimoja tu hakukiomba, nacho ndicho alichokihitaji kuliko vyote. Hakuomba bega.

Alifika ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa Bi Hadia, akainua mkono abishe. Ndani akasikia kikombe cha bati kikigonga ukingo wa kitanda cha chuma. Alikuwa Mzee Kitwana. Tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi na nusu ya mwili, mzee huyo alikuwa amebakiwa na mkono mmoja wa kushoto na kile kikombe. Akitaka maji hugonga. Akitaka kugeuzwa hugonga.

"Nakuja, baba," Bi Hadia alisema kule ndani, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitwa.

Luhende akashusha mkono, akapanda kwake ghorofa ya tatu.

Gorofa za Reli zilijengwa zamani za mababu, kwa zege la kukadiria kwa macho na nondo zilizopunjwa. Nondo zikaota kutu ndani ya boriti, zege likapasuka, na jiji la Tabora lilipokosa pa kuwapeleka watu likaamua boriti zivishwe upya. Chini ya kila boriti likafungwa bamba la chuma kwa bolti nene. Juu ya bamba, na ubavuni pote, zikabandikwa kanda za nyuzi nyeusi kwa gundi, zikaizunguka boriti kama bendeji inavyozunguka goti. Chuma kazi yake ni kubeba. Nyuzi hufanya zaidi. Ukizipitishia umeme hujikaza kama msuli, na kwa kuwa kanda za jengo zima zimeunganishwa kwa waya mmoja, nguvu ya boriti hii inaweza kuvutwa ikaisaidie ile. Lakini nguvu ni ileile, kama maji ya tangi moja. Akiteka huyu, yanapungua kwa yule.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi. Mtu akiwa na shughuli nyumbani kwake humwendea jirani, akasema, "Niazime bega," na lazima ataje sababu, watu wasikie. Kila boriti ina taa, moja chini kwa mwenye boriti na moja juu kwa anayeikanyaga, nyeupe ikiwa na nguvu. Jirani akikubali huweka kiganja kwenye taa ya boriti yake, kisha yeye na wote wa nyumbani mwake hutoka chini ya boriti hiyo mpaka bega lirudi. Na boriti si ya anayeikanyaga. Ni ya anayelala chini yake. Kwa hiyo boriti zilizobeba sakafu ya Luhende zilikuwa mali ya Bi Hadia. Angeweza kwenda kuomba kwa wengine, ila bega la mbali hupotelea njiani. La maana ni la karibu.

Naye Luhende hakuwa na uso wa kumwomba Bi Hadia kitu. Mwaka uliopita mama huyo alipanda kwake kuomba bega kwa ajili ya kesha la harusi ya bintiye. Luhende alikuwa ametoka zamu, macho mazito, anataka kulala chumbani mwake na si kwingine. Akamjibu mlangoni, "Boriti imechoka, Bi Hadia." Taa nyuma ya mgongo wake ilikuwa nyeupe kama maziwa. Bi Hadia akaitazama ile taa, akamtazama yeye, akasema, "Haya, Fundi, pumzika," akashuka. Wanawake wakaimba uwanjani, kwenye vumbi.

"Kamwombe radhi," Nyamizi, mkewe, alimwambia jioni ile.

"Nitakwenda."

Alimwambia hivyo mara nyingi. Kisha Nyamizi akaugua, na Bi Hadia ndiye aliyekuwa akipanda ngazi na uji. Kila alipoingia na bakuli, Luhende alijifanya ana kazi nje.

*

Wanawake walikaa ndani, wanaume chini uwanjani kwenye turubai. Ndivyo hesabu ya Luhende ilivyokuwa: sebule ingebeba wanawake bila taabu. Hakuihesabu mvua. Ilikuja kabla ya alasiri, mvua ya miaka hii, inayomwagika kama imekatiwa kamba. Turubai likajaa maji, likapinda, likawamwagikia wazee. Wanaume wakapanda ngazi wakikamua kanzu, na hakuna aliyesubiri kukaribishwa. Nyumba ya msiba haina hodi.

"Jamani sogeeni, sogeeni, Mzaramo anapita!" Huyo alikuwa Pazi, mtani wa Wanyamwezi, aliyekuja tangu siku ya maziko kufanya kazi ya watani, yaani kuwakera wafiwa wasizame. "Fundi Luhende, hii sebule ndiyo uliyomwolea dada yetu? Kuku wangu wana chumba kikubwa kuliko hiki!"

"Kuku wako ulituibia sisi," shangazi mmoja akamjibu, na vicheko vikapita juu ya vilio.

"Nimewaiba, lakini sikuwabananisha namna hii. Mtoto wa watu amekufa kwa kukosa pa kunyooshea miguu!"

Hata Luhende akatabasamu. Halafu jicho lake likaangukia taa ndogo ukutani karibu na sakafu, taa ya boriti ya sebule. Asubuhi ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa ya njano, na njano yenyewe ilikuwa ikikolea kuelekea rangi ya machungwa. Ikifika nyekundu king'ora kingelia, na watu wangekanyagana kwenye ngazi.

Njia zilikuwa mbili za uaminifu. Ya kwanza, asimame awaambie waombolezaji watoke waende mvuani. Hitima haijasomwa, wali haujapakuliwa, wakwe wamekaa mbele kwenye busati. Mtu gani huwafukuza watu msibani? Ya pili ilikuwa fupi zaidi. Bi Hadia alikuwa pale pale, karibu na mlango wa jikoni, amejifunga khanga ya msiba, macho mekundu, amechoka. Alikuwa amemwacha mumewe chini peke yake ili aje amlilie rafiki yake. Ilikuwa hatua chache tu mpaka kwake, na maneno mawili. Lakini kuomba ni kutaja sababu mbele za watu, na yeye kukubali ni wanaume kushuka kumbeba Mzee Kitwana na godoro lake kumtoa chumbani. Na akikataa? Akimjibu mbele ya wakwe, "Boriti imechoka, Fundi"?

Luhende akaingia chumbani, akafunga mlango. Kwenye kidole chake alivaa ufunguo wa fundi, pete ya chuma nyeusi wanayopewa wavisha-boriti ili waweze kuhamisha nguvu jengo likipata ajali, pasipo kusubiri kiganja cha mtu. Akapiga goti kwenye taa ya boriti ya chumba cha kulala. Chini ya boriti hiyo, upande wa pili wa sakafu, ndipo kilipokuwa kitanda cha Mzee Kitwana.

Kidogo tu, alijiambia. Mpaka dua iishe. Na kwani si afadhali kuliko kumsumbua mgonjwa?

Akagusisha pete. Umeme ukahama bila sauti. Alipotoka, taa ya sebule ilikuwa imerudi nyeupe, na Pazi alikuwa akiuliza kama wali ni wa kuliwa au wa kutazamwa.

*

Kuna jambo ambalo mafundi hufundishana mapema kuliko yote. Chuma hulalamika. Kikizidiwa hupinda, bolti hulia, lipu hupasuka, na mwenye masikio hupata nafasi ya kukimbia. Nyuzi hazilalamiki. Hubeba, hubeba, kisha huachia. Ndiyo maana havitenganishwi. Mmoja ana nguvu, mwingine ana ulimi. Luhende alipozilegeza nyuzi za boriti ile, mzigo wote ulirudi juu ya bamba la chuma lililoshikwa kwenye zege bovu la mababu. Na chuma kikaanza kusema.

Maalimu Swedi alikuwa ameanza kusoma. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na sebule nzima ikatulia. Ndani ya utulivu huo ikasikika sauti ya kugonga kutoka chini ya sakafu. *Ko. Ko. Ko.*

Bi Hadia akainua kichwa. "Mzee anataka maji."

"Kaa, dada," Mama Asumini akamshika bega. "Tangu alfajiri hujaketi. Dua ikiisha nitashuka mimi."

*Ko, ko, ko, ko.*

"Leo ana kiu," Bi Hadia akanong'ona, nusu kwa haya, kwa kuwa watu walikuwa wanageuka.

"Anamlilia Nyamizi," mtu akasema. "Si alikuwa anampelekea matikiti?"

"Kweli. Masikini."

Luhende alikuwa ameketi mbele, kando ya shemeji yake Kaombwe, viganja vikiwa wazi magotini. Alijua kile kikombe hakiombi maji. Mzee Kitwana amelala chali, macho yake ni mazima. Juu yake kuna bamba la chuma linalolia. Kuna na taa pia. Bega likiondoka, taa huonyesha namba ya nyumba lilikokwenda. Mzee alikuwa anaisoma namba ya nyumba ya Luhende, na anamgongea Luhende.

*Nisimame.* Aliliwaza neno hilo, na miguu haikumsikia. *Aya hii ikiisha.* Ikaisha. *Na hii.* Kaombwe akamwegemea, akasema taratibu, "Jikaze, shemeji," akidhani jasho lile ni la huzuni. Luhende akaitika kwa kichwa. Alimruhusu adhani hivyo.

Kikombe kikagonga upesi upesi, bila mpangilio, kama mvua kwenye bati. Halafu kukasikika kishindo kizito, kimoja, kisichokuwa cha kikombe.

Kisha kimya.

"Alhamdulillahi," Mama Asumini akasema pole pole. "Amelala."

Ni hapo Luhende aliposimama. Alimkanyaga mtu, akaangusha beseni, na Maalimu akakatiza kisomo chake katikati ya neno.

"Tokeni," alisema. "Tokeni wote, polepole, wanawake kwanza. Boriti imechoka."

*

Walitoka. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa fundi wa boriti akisema tokeni, watu wa gorofa hutoka. Luhende, Pazi na Kaombwe walishuka mbio hadi kwa Bi Hadia, naye akiwa mbele yao, khanga imemdondoka kichwani.

Bamba la chuma lilikuwa limeachia upande mmoja na kuning'inia. Kanda nyeusi zilikuwa zimebanduka kutoka kwenye zege kama gamba, zikabaki zimeshika kwa upande mwingine tu. Bonge la zege lilikuwa juu ya kitanda. Lilikuwa limeukosa uso wa mzee. Lilikuwa limeupata mkono wa kushoto, ule mzima, na kikombe kilikuwa kimebonyea chini yake.

"Shika godoro!" Pazi akapiga kelele. "Usimguse yeye, shika godoro, nyanyua na godoro!"

Walimnyanyua. Mzee Kitwana hakulia. Katika kupita chini ya ile taa aliiangalia, namba ikiwaka bado, kisha akamwangalia Luhende aliyekuwa amebeba upande wa kichwa. Alimwangalia hivyo mlangoni, akamwangalia kwenye ngazi zote, uso kwa uso, hadi chini. Luhende hakuwa na pa kupeleka macho, kwa maana mikono ilikuwa na kazi.

Chini, watu waliokuwa wamejibana kwenye varanda waliwapisha. Mtu mmoja akaanza, wengine wakafuatia.

"Fundi katuokoa!"

"Siku ya msiba wake mwenyewe, jamani! Mtu na uchungu wake, na bado masikio yako kazini!"

"Nyamizi aliolewa na mwanamume."

Mama mkwe wake, kizee aliyekuwa hajanena naye tangu maziko, akaushika mkono wake, ule wenye pete, akauweka kifuani pake. Luhende akauacha hapo. Alitamani zege lile lingemwangukia yeye. Halafu akaona hata tamaa hiyo ni ya kujipendelea.

*

Gari la wagonjwa lilipomchukua mzee, Bi Hadia hakupanda. Alimtuma bintiye, akasema anafuata nguo za mzee. Luhende alikuwa amerudi juu, ameshautoa umeme sebuleni kwake na kuurudisha, na sasa yuko chumbani mwa mzee anajaribu kuegemeza mrunda, nguzo ya mti, chini ya boriti. Mrunda mmoja tu, kwa boriti iliyopoteza chuma chake. Aligeuka akamkuta Bi Hadia mlangoni.

"Nilipoingia mara ya kwanza," Bi Hadia alisema, "taa ilikuwa na namba. Namba ya kwako."

"Ndiyo, Bi Hadia."

"Mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Karibu na jiko."

"Ungeniita ningesikia?"

"Ungesikia."

"Sasa kwa nini hukuniomba?"

Luhende alishika mrunda kwa mikono yote miwili. "Niliona haya."

"Haya." Alilitamka kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. "Hiyo haya yako ndiyo iliyomlalia mume wangu. Alikuwa na mkono mmoja, Luhende. Mkono mmoja wa kunisemesha." Hakumwita Fundi. "Unajua ningekujibu nini? Ningekunyima. Ndiyo. Ningekunyima mbele ya wakwe zako, wakusikie. Na wewe ungetahayari kidogo, tungeshuka wote tukamlilia Nyamizi mvuani, na angekuwa marehemu yuleyule, na sisi ni watu walewale. Watu wameshawahi kufa kwa kulowa?"

"Nilimpenda mkeo," alisema. "Leo nimeshindwa kumlilia. Umenikatiza." Akanyoosha kiganja. "Lete hiyo pete."

Pete ilikataa kutoka. Vidole vilikuwa vimevimba kwa kubeba godoro. Alihangaika nayo mbele yake, akailowesha kwa mate, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka, na Bi Hadia akasubiri bila kumsaidia na bila kumhimiza. Ilipotoka akaifunga kwenye pindo la khanga.

Juu yao boriti ikatoa mlio mfupi.

"Itakaa?"

"Haitakaa," Luhende akasema. "Nyuzi za upande huu zimeshika bado. Zikipata nguvu ya nyumba zote zitaibeba mpaka watu wa jiji walete jeki. Bila hivyo itashuka na chumba changu, na huenda na cha juu. Kwa pete ningeweza..."

"Kwa pete ungeweza," Bi Hadia akasema. "Kwa hiyo sasa utaomba."

*

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Uwanjani walikuwa wamelikung'uta turubai na kulisimamisha tena, na wali ulikuwa unapakuliwa, kwa sababu wali ukishapikwa hauna msiba. Watu walipomwona wakasogea kumpisha kwenye mkeka wa mbele, kando ya Kaombwe.

Hakuketi.

"Jamani," alisema. "Majirani zangu. Naomba bega. Nyumba zote. Muweke viganja, kisha msirudi ndani mpaka jeki zije."

"Bega lipo!" wakaitika, wengine wakiwa wameshainuka, mikono ikifutwa wali. Kwa mtu aliyewaokoa wangetoa na nyumba zenyewe.

"Ngojeni kwanza," Luhende akasema. "Sijataja sababu."

"Sababu si tumeiona?" Pazi akasema. "Boriti imechoka. Kama Mnyamwezi mbele ya jembe." Watu wakacheka kidogo, kwa kuchoka.

"Haikuchoka. Naombea boriti ya Bi Hadia. Nguvu yake niliichukua mimi, leo, mkiwa mmekaa kwangu. Sikumwomba. Mzee Kitwana alikuwa chini yake. Alipogonga nilijua anagongea nini. Mkasema ana kiu, na mimi nikajua, nikakaa."

Upawa ukasimama sufuriani. Mama mkwe wake aliutazama mkono wake mwenyewe, ule uliouweka mkono wa Luhende kifuani, akauficha ndani ya khanga. Kaombwe aliinamisha uso. Watu wakamgeukia Pazi, kwa kuwa mambo yakizidi uzito msibani ni kazi ya mtani kuyapunguza, na Pazi akafungua mdomo, akaufunga.

Kutoka nyuma kabisa, walikokuwa wamekaa vizee vya ghorofa ya chini, sauti moja ya upole ikaita:

"Mwanangu, sisi huku hatujasikia. Hebu rudia."

Luhende akajikohoza. Akapaza sauti, akarudia tangu mwanzo.